Darubini ya Mita

Rubeni alirudi kutoka nyikani mikono mitupu kwa mara ya tatu, na mama yake hakumuuliza habari za safari. Aliuliza habari za mkewe.

"Mama Yudith alilala hapa siku zote ulipokuwa huko?"

"Angelala wapi pengine, mama?"

"Nimeuliza tu." Bibi Evelina aliendelea kupepeta maharage yake uani. "Kuuliza si kosa."

Efrazia, ambaye ndiye huyo Mama Yudith, mama wa binti aliyekuwa akisoma bweni, alikuwa jikoni akichochea moto ili mumewe apate maji ya kuoga. Mbao za jiko lile zilitoka Shume zikiwa mbichi, zikakauka zikiwa zimekwisha kupigiliwa, na tangu hapo jiko halikuweza kuficha moshi wala maneno. Alisikia kila kitu. Alijua pia kwamba alitakiwa asikie, kwa sababu Bibi Evelina alikuwa na sauti mbili, na hii ilikuwa ile ya pili.

Kundi lao la uwindaji lilikuwa la watu watano, Wakristo wawili na Waislamu watatu, waliochangiana ada ya kibali kila mwaka. Bunduki ilikuwa moja tu, ya marehemu baba yake Rubeni, kwa hiyo mpiga risasi alikuwa Rubeni. Na kundi lilikuwa na miiko yake. Mpiga risasi akishuka nyikani, mkewe huku juu mlimani hampi jirani kaa la moto, haendi sokoni, hacheki na mwanamume njiani wala halali nje ya nyumba yake. Akivunja mwiko, mkono wa mumewe hufungwa huko huko aliko na risasi huenda upande. Mchungaji alikwisha kulikemea jambo hilo kanisani, shehe akalikemea msikitini, na wote wawili hupelekewa paja kundi linapopata nyama. Basi mwiko ukaendelea na maisha yake bila wasiwasi.

Jioni Mzee Zuberi, mkuu wa kundi, alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole wa maneno, na upole wake ulitisha zaidi ya kelele za mtu mwingine. Efrazia alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumtazama. Zamani alikuwa akimwuliza habari za kabichi.

"Mgosi, tumekuvumilia," alimwambia Rubeni, akimwita bwana kwa Kisambaa. "Kibali kinakwisha mwisho wa mwezi. Tunashuka mara moja ya mwisho. Mimi sisemi neno juu ya nyumba ya mtu. Nasema tu, mkono wako tunaujua. Mwaka jana ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima," Bibi Evelina aliitikia kutoka mlangoni, maana alikuwa amekwisha kufika. "Mwaka jana mwanamke huyu hakuwa na biashara na watu wa magari." Kisha akasema lile alilolijia. "Mwanangu akirudi tena mikono mitupu, atakwenda kwao Rangwi. Wazazi wake wamuulize vizuri. Wakishamuuliza, ndipo tutajua kama anarudi au harudi."

Efrazia alikuwa ameshika sinia la chai. Alisimama akimngojea mumewe aseme hapana. Rubeni alichukua kikombe, akakoroga sukari kwa muda mrefu kuliko sukari yenyewe ilivyohitaji, akanywa. Hakusema hapana. Hakusema ndiyo pia, na baadaye, moyoni mwake, aliihesabu ile kama kumtetea mkewe.

* * *

"Baba Yudith," Efrazia alisema kesho yake walipokuwa wakipalilia, "unapopiga ukakosa, vumbi linaruka wapi?"

Rubeni aliinua jembe, akalishusha. "Kwa nini?"

"Nauliza."

"Mbele."

"Mbele upande wa swala au upande wako?"

"Wangu. Mbele ya miguu yake. Mara zote tatu."

"Basi haikwenda kando. Haikufika."

"Sasa unanifundisha bunduki."

"Sikufundishi. Nasema yuko mbali kuliko unavyomwona."

Lilikuwa neno la kweli, na labda ndiyo sababu lilimuudhi. Rubeni alijifunza kulenga akiwa kijana, kwa kuwapiga nguruwe pori wanaofukua viazi pembezoni mwa msitu wa Shume. Unasimama mteremko huu, nguruwe yuko mteremko ule, katikati ni korongo. Mtu wa milimani hana shida hapo. Anaona migomba, anaona matuta, anaona nyumba ya fulani, na jicho lake linajua lenyewe pa kuishia. Mwaka jana swala walikaa karibu na vichaka vya mtoni, wakapigwa kwa karibu. Mwaka huu mto ulikauka, swala wakahamia uwandani, na uwanda hauna mgomba wala tuta wala nyumba ya fulani. Una nyasi na jua. Swala anaonekana yuko hapa hapa, unaweza hata kumtukana akasikia, kumbe yuko mbali. Kundi zima lilikuwa la watu wa milimani, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Wote waliona karibu.

"Kuna darubini," Efrazia alisema. "Inasoma mita. Unamwangalia mnyama, unabonyeza, inakuandikia humo ndani yuko umbali gani."

"Nani kakuambia?"

Hapo ndipo alipokosea. Aliyemwambia alikuwa Twaha, dereva wa Fuso anayenunua kabichi Lukozi na kuzishusha Tanga. Twaha alikuwa na binamu yake mpishi katika kambi ya wageni wanaokuja kuwinda, na alilisimulia jambo hilo sokoni mbele ya wanawake kumi, huku akihesabu magunia, bila hata kujua kwamba kuna mtu anamsikiliza. Lakini Twaha ndiye aliyekuwa "watu wa magari". Efrazia aliwahi kucheka kwa mzaha wake mmoja, na siku moja ya mvua aliwahi kukaa mbele kwenye gari lake. Zaidi ya hayo hakukuwa na kitu, na hayo yalitosha.

"Nilisikia redioni," alisema.

Rubeni alimtazama kidogo, akaendelea kupalilia. Redio yao ilikuwa haina betri tangu Pasaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyezitoa akazitia kwenye tochi ya kuwindia. Hakumuuliza zaidi. Rubeni alikuwa na tabia hiyo ya kutouliza, na Efrazia aliona heri angetukana, maana tusi unaweza kulijibu.

* * *

Alikuwa na viazi vyake mwenyewe, shamba dogo la juu ambalo mumewe hakuwa na neno nalo. Havikuwa vimekomaa. Twaha angevinunua vikiwa bado ardhini kwa bei ya maana, na angelipa siku hiyo hiyo. Efrazia alivipeleka kwa Rehema, mlanguzi mwenye ulimi mtamu na mizani mikali, akauza kwa bei iliyomfanya Rehema mwenyewe aulize kama kuna mgonjwa nyumbani. Hiyo tofauti ya bei aliilipa ili asionekane anazungumza na mwanamume. Aliondoka akiona uchungu, tena uchungu wa kweli, kwa sababu mbegu ya viazi vile aliibeba mwenyewe kichwani.

Lushoto ya miaka ile ilikuwa imefunguka. Zamani ungepanga foleni kwenye duka la ushirika upate sabuni moja. Sasa ruksa ya kuuza chochote imekuja na maduka yamejaa mpaka barazani, na shida pekee ni kujua kipi kizima. Watu walikuwa wamenunua pasi zisizopata moto na saa zinazokwenda siku ya kwanza tu. Kila mnunuzi aliingia dukani kama anayeingia kituo cha polisi kutoa maelezo.

Duka la Alen liliuza redio, tochi, simu za mkononi zilizotumika na chochote kilichoshuka kutoka kwenye kambi za wageni. Alen alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu mfukoni.

"Darubini ya mita ipo," alisema. "Mzee yuko wapi?"

"Mzee yuko shambani. Nimekuja mimi."

"Ni vizuri aje mwenyewe, mama. Hivi ni vitu vya kitaalamu."

"Kaka Alen, nikija kununua sufuria utaniambia nimlete mpishi?"

Mteja mmoja aliyekuwa akijaribu simu alicheka. Alen hakucheka, lakini aliinama chini ya meza akatoa mbili. Moja ilikuwa mpya ndani ya boksi lenye picha ya mzungu amevaa kofia, plastiki yake haijatoka. Imetoka Dubai, alisema, na bei yake ilikuwa laki na themanini. Ya pili ilikuwa imechubuka, mpira wake umebanduka upande mmoja, na mkanda umefungwa kwa uzi wa viatu. Hiyo ilikuwa elfu themanini na tano.

"Hii kuukuu sikushauri," Alen alisema. "Mgeni mmoja aliiacha kambini. Kwa nini aliiacha? Jiulize."

"Na hii mpya, kwa nini inauzwa Lushoto? Nako nijiulize?"

"Ina dhamana, mama."

"Dhamana ya nani? Dubai nitafikaje?"

Aliomba wakazijaribu nje. Alen alisema darubini hazijaribiwi, zinanunuliwa. Efrazia alikaa kwenye benchi la wateja, akatandaza kanga yake magotini kama mtu aliyekuja kushinda. Watu wawili waliingia, wakamtazama, wakadhani ana deni, wakatoka. Alipoingia wa tatu, Alen alichukua funguo.

Walikwenda uwanja wa mpira. Efrazia alisimama kwenye goli moja akalenga goli la pili, kwa sababu urefu wa uwanja kila mtu anaujua. Alen alimwonyesha kitufe. Ilikuwa ajabu kuona namba ndogo zinajiandika juu ya goli, kama kuna mtu humo ndani. Ile mpya ilisoma tisini na nane. Ile kuukuu ilisoma mia moja na moja.

"Hazilingani."

"Hapo hakuna tofauti, mama. Swala hatasimama kupimwa kwa futikamba."

Efrazia alizishika zote mbili, hajui aamini ipi. Angekosea, asingepoteza pesa tu. Rubeni angelenga kwa namba ya uongo, angekosa mara ya nne, na yeye angepanda Rangwi na furushi la nguo akiwa mwanamke aliyeuliziwa. Baba yake ni katekista.

Wakati huo ukungu ulikuwa unashuka kutoka juu, kama kawaida yake saa za mchana, na goli la pili likaanza kufifia. Alen alisema warudi. Efrazia hakurudi. Alilenga ile mpya kwenye ukungu: kumi na nane. Akaigeuza kwenye mti usioonekana vizuri: kumi na nane. Akaigeuza kanisani: kumi na nane. Akachukua ile kuukuu akalenga pale pale. Ilionyesha vistari vitatu, bila namba yoyote.

"Ukungu unazichanganya," Alen alisema haraka. "Mwanga unagonga ukungu unarudi. Zote ziko hivyo."

"Haziko hivyo. Hii haioni kanisa lakini inataja namba. Hii haioni, imenyamaza."

"Imenyamaza kwa sababu ni mbovu."

"Basi nipe hii mbovu."

Alimpunguzia elfu tano, labda kwa kuchoka. Alipofungasha, alimuuliza kwa sauti ya chini, bila ubaya, kwa nini mwanamke anahangaika hivi kwa ajili ya uwindaji. Efrazia alisema nyumbani hawana nyama.

* * *

Mvua ilimkuta stendi. Gari la mwisho la Lukozi lilikuwa limeharibika na kondakta wake alikuwa akiapa kwamba litapona, kwa namna iliyowafanya abiria wote waanze kutafuta njia nyingine. Kisha Fuso la Twaha likapita likipanda, tupu, na wanawake wa kabichi wakalidandia. Twaha alichungulia dirishani.

"Mama Yudith, njoo mbele. Huko nyuma kunanyesha."

"Nashukuru, nitakaa huku huku."

"Utalowa."

"Nitalowa."

Alikaa juu ya maturubai nyuma pamoja na wenzake, ameikumbatia darubini chini ya kanga, na mvua ikampiga kuanzia Lushoto hadi Lukozi. Kiti cha mbele kilisafiri kitupu. Wanawake wenzake walikitazama kile kiti, wakamtazama yeye, na mmoja wao akasema anayejua kukwepa hivi ana kitu cha kukwepa. Gari liliposimama, Bibi Evelina alikuwa chini ya kibaraza cha duka akinunua chumvi. Hakuona mvua wala hakuona nyuma. Aliona Fuso, na mkwe wake akitokea ubavuni mwa gari hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika salama? Watu wa magari hawajambo?"

* * *

Rubeni aliigeuzageuza ile darubini mezani bila kuiwasha. Mama yake alikuwa amekwisha kufika na kusema, na sasa alikuwa ameketi akisubiri matokeo.

"Hela umetoa wapi?"

"Nimeuza viazi vyangu. Muulize Rehema."

"Viazi havijakomaa."

"Ndiyo maana nimepata hasara."

"Mtu gani anauza viazi vibichi," Bibi Evelina alisema taratibu, akiliambia paa, "ili amnunulie mumewe kioo cha kuchungulia? Mimi nimeolewa miaka arobaini. Kitu cha bei hii mwanamke hanunui. Hununuliwa."

Efrazia alimgeukia mumewe. "Twende nje ukaijaribu."

Mvua ilikuwa imekatika na bonde lilikuwa wazi kabisa. Rubeni alilenga mti mmoja ng'ambo ya korongo, akabonyeza, akashtuka. Akabonyeza tena. Akapima kanisa, akapima ng'ombe wa jirani, akapima paa la mama yake, akamwita Efrazia aje aone jinsi nyumba ya mama ilivyo mita sabini na mbili nzima, wakati yeye siku zote alidhani ni hamsini. Kwa muda wa nusu saa alikuwa kijana yule aliyemfuata Efrazia mpaka Rangwi kwa miguu, na Efrazia alicheka naye, na akapenda kucheka. Aliona amefanikiwa.

Kisha Rubeni aliishusha darubini. "Na redio," alisema, "ilisema zinauzwa duka gani?"

Efrazia angeweza kusema kweli pale. Mdomo wake ulifunguka. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao na Fuso lilikuwa bado linaunguruma sokoni.

"Haikutaja duka," alisema.

"Aha," Rubeni alisema, akaitia darubini mfukoni mwa koti.

* * *

Siku walizoshuka nyikani, Bibi Evelina alihamia kwa mkwe wake na mkeka wake. Alisema anakuja kumsaidia kazi. Alitandika mkeka mlangoni, kwa ndani, na ilibidi Efrazia aombe njia kila alipokwenda chooni. Siku ya soko ilipita. Kabichi alizokuwa amekwisha kuzikata zilikaa uani zikianza kugeuka njano. Jirani alikuja kuomba kaa la moto, na Efrazia, ambaye hakuwahi kumnyima mtu moto, alimwambia hapana akiwa anaona aibu, huku mama mkwe akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alitimiza kila mwiko. Hakuwa anauamini hata mmoja. Alifikiri kwamba akiutimiza wote, hapatabaki tundu la mtu kupitishia neno.

Huko chini nyikani, Mzee Zuberi aliiona darubini akauliza ni nini. Rubeni alisema ni darubini tu, ya kutazamia. Hakutaja mita.

Asubuhi ya pili waliwakuta swala uwandani, kundi zuri, limetulia. Rubeni alilala kifudifudi. Kwa jicho lake dume alilolichagua lilikuwa mita mia na hamsini, hata pungufu. Alibonyeza. Darubini ilisema mia mbili na arobaini.

Hakuiamini. Kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba mkewe ametapeliwa. Cha pili ni kwamba labda kimetengenezwa na mtu ili akose. Mtu akishaanza kushuku, hashuki kituo cha kwanza. Alibonyeza mara nne, na mara zote ikasema vile vile. Kisha alikumbuka vumbi, na akamkumbuka Efrazia na jembe mkononi akisema haikufika. Alianza kutambaa. Alitambaa kwa viwiko kwenye nyasi zenye miiba muda mrefu kiasi kwamba wenzake nyuma walidhani amelala, na kila baada ya hatua kadhaa alibonyeza, mpaka ikasema mia na thelathini. Ndipo akaweka darubini chini, akalenga, akapiga.

Dume lilianguka palepale. Mzee Zuberi alipita akikimbia na kisu, maana ilikuwa lazima achinje roho ikiwa bado imo ili Waislamu nao wale, na aliwahi. Alisimama na damu mikononi, anahema, anacheka.

"Mgosi! Mkono umefunguka. Nyumbani kumetulia."

"Nyumbani kumetulia," wengine waliitikia.

Rubeni alikuwa ameinama kuiokota darubini. Lilikuwa jambo la kusema sentensi moja. Angesema, nilikuwa napima vibaya, kitu hiki kimenisaidia. Lakini hapo angekuwa mtu aliyekosa mara tatu kwa jicho lake mwenyewe, mtoto wa mpiga risasi aliyehitaji kuandikiwa namba na mashine aliyonunuliwa na mkewe. Mzee Zuberi alikuwa anamtazama kwa furaha, kama alivyokuwa akimtazama baba yake. Rubeni aliifuta darubini nyasi, akaitia mfukoni ndani kabisa.

"Mungu mkubwa," alisema.

* * *

Efrazia alisikia pikapu la kukodi likipiga honi tangu mbali, na alijua wamepata. Aliketi kwenye kigoda, akalia kidogo kwa faraja, akajifuta. Bibi Evelina aliukunja mkeka wake na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alimshika mkwe wake bega.

"Unaona," alisema kwa upole. "Ukiamua, unaweza."

Efrazia hakuelewa mara moja. Alielewa walipofika uani kwa Bibi Evelina, ambako wanaume walikuwa wameketi na moto umewashwa na ini linachomwa peke yake. Kundi lilikuwa na desturi hiyo pia. Mkono uliofungwa ukifunguka, kipande cha kwanza cha ini hupewa mke wa mpiga risasi, naye hukila mbele ya watu wote, na hapo huhesabiwa ametubu kosa lake, amerudi. Zamani Amina, mke wa mpiga risasi mwingine aliyekwisha kufa, alikila. Amina sasa ni bibi mwenye wajukuu, na bado akipita kisimani wanawake husema yule aliyerudi.

Bibi Evelina alileta ini kwenye kisahani cha maua, kile cha wageni. "Kula, mama. Yamekwisha."

Hakuna aliyemtazama kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mzee Zuberi alimtazama sawasawa usoni, akamuuliza habari za kabichi.

Efrazia alikishika kisahani. "Baba Yudith," alisema, "waambie ulivyopiga."

"Amepiga vizuri," alisema Mzee Zuberi.

"Najua amepiga vizuri. Namwambia yeye aseme alivyopiga. Alivyojua pa kupigia."

Rubeni aliingiza mkono kwenye koti, na darubini ilikuwa humo, akaigusa. Aliwatazama wenzake, akamtazama mama yake, akatazama moto. Alimpenda mkewe; hilo lisitiliwe shaka. Lakini pia kulikuwa na ile redio isiyo na betri, ambayo hakuwahi kuiuliza, na sasa aliikimbilia kwa sababu ilimrahisishia.

"Kula, Mama Yudith," alisema. "Mimi nimeshakusamehe."

Wanaume waliguna kwa kumsifu. Mmoja alisema si wengi wenye moyo huo. Bibi Evelina alijifuta macho na ncha ya kanga.

Efrazia alimtazama mumewe kama anayengoja kuona kama kuna neno jingine nyuma ya lile. Halikuwapo. Alikiweka kisahani magotini pa Rubeni, taratibu, ini lisidondoke. Kisha alisema, kwa sauti ile ile anayotajia bei sokoni, kwamba aliyemwambia habari za darubini ni Twaha, mbele ya wanawake kumi, na kwamba kesho asubuhi anakwenda Rangwi, na wasisumbuke kumsindikiza.

"Kwenda Rangwi kufanya nini?" Rubeni alisema. "Mambo yamekwisha. Mbona sasa ndiyo yamekwisha?"

Efrazia alikuwa ameshatoka uani. Mzee Zuberi alitikisa kichwa akasema mwanamke akisamehewa haraka hupanda kiburi, na ametaja jina mwenyewe, wote wamesikia. Wengine wakakubali. Nyama nyingine ikatiwa motoni. Rubeni alibaki na kile kisahani magotini, watu wote wakimngojea ale yeye ili na wao waanze, na hatimaye, kwa sababu walikuwa wanamtazama, akala.